Kanda, Diski na Mtandao: Vita vya Fomati za Filamu Vimehamia Wapi?

Januari 2025 kampuni ya Sony ilitangaza kwamba kuanzia mwezi uliofuata ingeacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray (kizazi cha diski kilichofuata DVD), yaani zile ambazo mtu hununua ili arekodi mwenyewe. Habari hiyo haikuchukua muda ikaanza kusambaa kwa sura nyingine kabisa: kwamba filamu za Blu-ray zimefika mwisho. Haikuwa hivyo. Diski tupu huandikwa kwa leza ndani ya mashine ya mtumiaji, ilhali diski ya filamu hutoka kiwandani ikiwa imekwisha kuchapwa data yake kwa bamba maalumu, kwa maelfu. Hizo ni bidhaa mbili zenye soko mbili, na kufa kwa moja hakumaanishi kufa kwa nyingine.

Hata hivyo, waliokosea wana udhuru, kwa sababu tangazo hilo lilikuja juu ya habari nyingine zilizokuwa za kweli. Mwaka 2019 Samsung ilisema haitaleta tena aina mpya za vicheza Blu-ray katika soko la Marekani. Tarehe 29 Septemba 2023 Netflix ilituma DVD yake ya mwisho kwa njia ya posta, na mwaka 2024 maduka ya Best Buy ya Marekani yaliacha kuuza filamu za diski. Anayezisikia habari hizi kwa pamoja hujikuta kati ya kauli zinazogongana: kuna wanaosema diski ni kitu cha makumbusho, kuna wanaoapa kwamba bila diski hujaitazama filamu, na kuna wengi waliotulia tu, wakiamini kwamba filamu walizozilipia mtandaoni ni mali yao sawa na zilizomo kabatini.

Ili kulielewa jambo hili ni vizuri kutenganisha tabaka tatu ambazo kwa kawaida huzungumzwa kana kwamba ni kitu kimoja. La kwanza ni chombo, yaani kile kinachoibeba filamu hadi nyumbani: kanda, diski, au mkondo wa data unaopita kwenye intaneti. La pili ni kodeki, yaani utaratibu wa kuibana picha na sauti ili zitoshe ndani ya chombo hicho, na kuzifungua tena wakati wa kutazama. La tatu ni leseni, yaani ruhusa: nani anaweza kuitazama filamu, kwa mashine gani, katika nchi gani na kwa muda gani. Vita mashuhuri vya fomati, yaani vya aina za kanda na diski zilizoshindania soko, vilipiganwa katika tabaka la kwanza, na watu wengi wanaamini viliamuliwa na ubora wa picha. Mimi naona kumbukumbu za vita hivyo zinaonyesha kitu kingine: kila mara kilichoshinda ni chombo kilichompa mtu nafasi ya kufanya alichotaka kwa gharama aliyoimudu. Leo mapambano yamehamia tabaka la tatu, ambako mnunuzi haoni kwa macho kile anachopata wala anachopoteza.

Tuanze na kanda. Sony ilileta Betamax mwaka 1975, na kampuni ya JVC ikaleta VHS mwaka 1976. Zote mbili zilitumia kanda ya sumaku yenye upana wa milimita 12.7 na zilifanya kazi kwa kanuni ileile. Kaseti inapoingia kwenye deki, vidole vidogo vya mashine huitoa kanda nje ya kaseti na kuiviringisha kwenye ngoma ya chuma iliyoinamishwa kidogo. Ngoma hiyo huzunguka kwa kasi kubwa, na vichwa vya sumaku vilivyo kwenye mzingo wake huandika picha kwa mistari ya mshazari, mmoja kando ya mwingine, huku kanda yenyewe ikijisogeza polepole. Mzunguko wa ngoma ndio unaoleta kasi inayohitajika kuandika picha. Kama vichwa vingekuwa vimetulia, kanda ingelazimika kukimbia mno, na kaseti inayoshikika mkononi isingetosha hata kipindi kimoja cha televisheni.

Kutokana na ujenzi huo kuna mabadilishano yasiyokwepeka: ukiipunguza kasi ya kanda unapata muda mrefu zaidi na picha hafifu zaidi. Betamax ilianza na kaseti ndogo yenye muda wa saa moja. VHS ilianza na saa mbili. Filamu nyingi za sinema huzidi saa moja na huisha kabla au karibu ya saa mbili, kwa hiyo tofauti hiyo iliyoonekana ndogo kwenye karatasi ilikuwa tofauti kati ya kuirekodi filamu nzima usiku ukiwa umelala na kuamka ukiwa na nusu yake. Mwaka 1977 kampuni ya RCA ilianza kuuza Marekani deki za VHS zilizoweza kurekodi saa nne. Sony nayo ikapunguza kasi ya kanda yake ili ifikie saa mbili, na hapo faida ndogo ya picha iliyokuwa nayo Betamax ikawa karibu imekwisha.

Kwa hiyo ile kauli ya kwamba fomati bora ilishindwa na fomati mbaya ina ukweli mdogo sana ndani yake. Betamax ilikuwa na picha bora kidogo katika kasi yake ya mwanzo, kasi ambayo watu wengi hawakuitaka. Ipo pia hadithi kwamba filamu za ngono ndizo zilizoamua mshindi; hadithi hiyo hurudiwa sana, lakini haihitajiki ili kueleza kilichotokea. Muda mrefu zaidi wa kurekodi, pamoja na uamuzi wa JVC wa kuwapa watengenezaji wengi leseni ya kuunda deki za VHS hadi bei zikashuka, vinatosha. Mwaka 1988 Sony yenyewe ilianza kuuza deki za VHS.

Kuna tukio jingine la enzi hizo ambalo kwangu lina uzito kuliko ushindi wa VHS. Mwaka 1976 studio za Universal na Disney ziliishtaki Sony zikidai kwamba kumwezesha mtu kurekodi vipindi vya televisheni ni kusaidia uvunjaji wa hakimiliki. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1984, kwa kura tano dhidi ya nne, majaji waliamua kwamba mtu anayerekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye havunji sheria. Kura moja tu ilitenganisha deki iliyo halali na deki iliyo haramu. Studio zilizokuwa zikiiogopa kaseti zilikuja kuifanya chanzo chao kikubwa cha mapato, lakini jambo la kushika hapa ni kwamba tabaka la leseni lilikuwepo tangu mwanzo, likisubiri wakati wake.

Anayetaka ushahidi zaidi kwamba ubora pekee haushindi na aitazame LaserDisc, diski ya sentimita 30 iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1978. Picha yake ilizipita kanda zote mbili. Haikuweza kurekodi, mashine zake zilikuwa ghali, na filamu moja ilihitaji kugeuzwa upande au kubadilishwa diski katikati. Ikabaki ya wapenzi wachache. VCD iliyokuja mwaka 1993 ni mfano wa upande wa pili. Picha yake haikuwa na cha kujivunia, na diski moja ilibeba takriban dakika 74 tu, ndiyo maana filamu nyingi ziliuzwa kwa diski mbili. Lakini ilikuwa rahisi kutengeneza, haikukwaruza vichwa vya deki wala kunasa kama kanda, na ikaenea katika nchi nyingi, hasa za Asia.

DVD iliponea chupuchupu kuzaliwa ndani ya vita. Mwanzoni mwa mwaka 1995 kulikuwa na kambi mbili, moja ya Sony na Philips, nyingine ya Toshiba na Time Warner pamoja na wenzao. Kampuni za kompyuta, IBM ikiwa mstari wa mbele, zilikataa kuunga mkono yoyote hadi kambi hizo zipatane, na mwaka huohuo zikapatana. Diski za kwanza zilianza kuuzwa Japani Novemba 1996, zikiwa na gigabaiti 4.7 kwa safu moja au 8.5 kwa safu mbili. Hapakuwa tena na kurudisha kanda nyuma, na lugha kadhaa za sauti na maandishi ziliweza kukaa kwenye diski moja. Pamoja na hayo yote DVD ilileta kufuli mbili. Data zilifungwa kwa usimbaji, na dunia ikagawanywa katika maeneo sita, hata diski halali iliyonunuliwa kihalali katika nchi moja ikaweza kukataliwa na mashine halali ya nchi nyingine. Usimbaji huo ulivunjwa mwaka 1999. Mgawanyo wa maeneo umebaki kuwasumbua wanunuzi hadi leo.

Vita vya mwisho vya vyombo vilikuwa kati ya HD DVD na Blu-ray, ambazo zote zilitoka mwaka 2006. Hapa maelezo ya kiufundi yanasaidia kweli. Diski zote za jamii hii zina kipenyo cha sentimita 12 na unene wa milimita 1.2, na data zake ni vishimo vidogo mno vilivyopangwa kwenye mstari mmoja mrefu unaojizungusha kutoka katikati kwenda nje. Leza ya DVD ni nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650. Leza ya Blu-ray na HD DVD ni ya buluu iliyoelekea zambarau, yenye nanomita 405. Ni kama kuandika kwenye karatasi ileile kwa kalamu yenye ncha nyembamba zaidi: maneno yanakuwa madogo, mistari inakaribiana, na ukurasa unabeba mengi. Kwenye DVD mizunguko ya mstari huo imeachana kwa mikromita 0.74, kwenye Blu-ray imeachana kwa mikromita 0.32.

Tofauti kati ya wapinzani hao wawili ilikuwa kina cha data. HD DVD iliziweka milimita 0.6 chini ya uso, sawa na DVD, kwa hiyo viwanda vya DVD viliweza kubadilishwa bila gharama kubwa. Blu-ray iliziweka milimita 0.1 tu chini ya uso, jambo lililodai mitambo mipya na utando mgumu wa kuzuia mikwaruzo, lakini lililoipa gigabaiti 25 kwa kila safu dhidi ya 15 za mwenzake. Kodeki zilizoruhusiwa zilikuwa zilezile pande zote mbili, kwa hiyo filamu moja iliweza kutoka kwenye fomati zote ikiwa na picha isiyotofautika. Nani basi angeweza kusema kwamba macho ya watazamaji ndiyo yaliyoamua? Kilichoamua ni kwamba kuanzia Novemba 2006 kila mashine ya michezo ya PlayStation 3 ilikuwa pia kicheza Blu-ray, na kwamba tarehe 4 Januari 2008 studio ya Warner ilitangaza kuiacha HD DVD. Maduka makubwa yakafuata, na tarehe 19 Februari 2008 Toshiba ikasalimu amri.

Ushindi huo ulikuja kwa kuchelewa. Netflix ilikuwa imeanza kupeleka filamu kwa mtandao mwaka 2007, mwaka mmoja kabla ya vita kuisha, na Blu-ray haikuwahi kuiondoa DVD sokoni jinsi DVD ilivyoiondoa VHS. Mwaka 2016 iliongezwa Ultra HD Blu-ray, inayobeba picha ya 4K, yaani yenye pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 3840 kwa 2160, kwenye diski zinazofikia gigabaiti 100.

Neno 4K linatuleta kwenye tabaka la pili na kwenye dhana potofu iliyoenea kuliko zote, kwamba 4K ni 4K popote inapotoka. Chukua kwanza picha ya kawaida ya Blu-ray, yenye pikseli 1920 kwa 1080. Kama kila pikseli ingeandikwa kwa ukamilifu wa rangi zake, biti 24, mara 24 kwa sekunde, filamu ya saa mbili ingehitaji zaidi ya terabaiti moja. Diski ya aina hiyo haizidi gigabaiti 50. Ina maana kwamba hata filamu ya diski, inayosifiwa kwa ubora, imekwisha kutupa zaidi ya asilimia 95 ya data hizo. Kodeki hufanya hivyo kwa kuandika picha kamili mara mojamoja, kisha kati yake huandika mabadiliko tu: ukuta usiosogea hauandikwi tena, uso unaogeuka huandikwa kwa maelezo ya wapi umehamia. Vilevile hulainisha vitu vidogo ambavyo jicho halivikamati kwa urahisi. Ukuta ni rahisi. Moshi, mvua, maji yanayochemka na chembechembe za filamu za zamani ni vigumu, kwa sababu ndani yake karibu kila kitu hubadilika katika kila picha.

Hivyo idadi ya pikseli haielezi peke yake utakachokiona. Inabidi kujua pia data kiasi gani zinapita kwa sekunde. Video ya DVD haizidi megabiti 9.8 kwa sekunde, ya Blu-ray haizidi 40, na Ultra HD Blu-ray inaweza kufikia 128 kwa picha na sauti pamoja. Netflix, kwa filamu za 4K, inashauri mtu awe na intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde au zaidi. Namba hizi zisilinganishwe moja kwa moja, kwa kuwa kodeki mpya kama H.265, na AV1 iliyotolewa mwaka 2018, hufanya kazi ileile kwa biti chache kuliko zilizotangulia. Lakini pengo haliwezi kuzibwa lote na kodeki. Katika tukio la watu wanaozungumza mchana, kwenye skrini ya wastani, wengi hawataona tofauti, na sioni sababu ya kuwaambia kwamba wanakosa kitu. Katika tukio la usiku, ambapo mwanga unafifia taratibu kuelekea gizani, mtandao mara nyingi huonyesha mabaka na ngazi za weusi mahali ambapo diski inaonyesha giza laini. Sauti pia hubanwa zaidi mtandaoni.

Kuna sababu nyingine ya picha ya mtandaoni kuyumba. Seva, yaani kompyuta ya huduma inayotuma filamu, haina filamu moja. Ina nakala kadhaa za filamu hiyo zenye ubora tofauti, na kila nakala imekatwa vipande vya sekunde chache. Programu ya mtazamaji hupima kasi ya mtandao na kuomba kipande kinachofuata kutoka nakala inayolingana nayo. Mtandao ukipungua nguvu, ubora unashuka bila mtu kuulizwa. Utaratibu huu ni wa akili sana na ndio unaozuia filamu isikwame kila dakika, ila unamaanisha kwamba alama ya 4K kwenye orodha ni kiwango cha juu kinachowezekana, si ahadi ya kile kitakachofika.

Sasa leseni. Mwenye diski hamiliki filamu. Hakimiliki inabaki kwa studio, na hana ruhusa ya kuionyesha kwa umma wala kuinakili apendavyo. Anachomiliki ni nakala ile. Anaweza kuiuza, kuiazima, kuirithisha, na hakuna anayeweza kuingia kabatini kuichukua. Anayebonyeza kitufe cha kununua mtandaoni hapati nakala ya namna hiyo. Anapata leseni ya kutazama kupitia huduma ile, na masharti yake hutegemea mkataba kati ya huduma na studio, mkataba ambao yeye si sehemu yake. Agosti 2022 wateja wa duka la mtandaoni la PlayStation wa Ujerumani na Austria walipoteza filamu za kampuni ya StudioCanal ambazo walikuwa wamezilipia kama manunuzi, wala si kama za kukodi. Desemba 2023 wateja wa duka hilohilo waliarifiwa kwamba vipindi vya Discovery walivyonunua vitaondolewa. Baada ya malalamiko, mpango huo ulibatilishwa kabla ya mwezi kwisha. Kuanzia Januari 2025 sheria ya jimbo la California inamzuia muuzaji kutumia neno kununua kwa bidhaa ya kidijitali ya aina hii pasipo kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni inayoweza kuondolewa. Sheria hiyo hairudishi filamu iliyopotea, lakini inaondoa udanganyifu uliokuwa kwenye kitufe, na naiona kuwa hatua ya haki.

Usajili wa kila mwezi ni jambo tofauti na halipaswi kuchanganywa na hilo. Hauahidi filamu yoyote mahususi. Unaahidi kuingia kwenye hifadhi inayobadilika. Faili lililopakuliwa ndani ya programu ya huduma nalo si mali, kwa kuwa limefungwa kwa ufunguo ulio kwa mwenye huduma na huacha kufunguka muda wake ukiisha.

Wapenzi wa diski nao wanayo dhana yao ya kusahihishwa: diski haidumu milele. Ndani yake kuna utando mwembamba wa metali unaorudisha mwanga wa leza, na hewa ikipenya kupitia gundi isiyoshika vizuri, metali huharibika na data hupotea. Machi 2025 Warner ilikiri kwamba baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya mwaka 2006 na 2008 zinaharibika, hata zilizotunzwa vizuri. Diski nyingi za zamani bado zinacheza bila tatizo, lakini anayezitegemea inampasa azijaribu mara kwa mara, si kuzihesabu tu rafuni.

Kinachonihofisha zaidi kuhusu mustakabali wa diski, hata hivyo, ni mashine. Soko lake linapungua na kuwa la wakusanyaji na la kampuni ndogo zinazosafisha filamu za zamani na kuzitoa upya, zikiwemo nyingi ambazo hazipatikani katika huduma yoyote ya mtandaoni. Soko la namna hiyo linaweza kuishi miaka mingi. Lakini diski isiyo na kicheza haina faida, na vicheza hufa kwa utaratibu wake. Sony iliacha kutengeneza deki za Betamax mwaka 2002 ilhali kaseti zake ziliendelea kutolewa hadi Machi 2016, na Julai ya mwaka huo kampuni ya Funai ya Japani ikaacha kutengeneza deki za VHS. Mwaka 2024 LG nayo ikajitoa kwenye vicheza Blu-ray. Mashine ya michezo, ambayo mwaka 2006 iliingiza Blu-ray katika mamilioni ya nyumba bila wenyewe kuichagua, inaelekea upande mwingine: PlayStation 5 Pro iliyotoka Novemba 2024 inauzwa bila kisoma diski, na anayekitaka hukinunua peke yake.